Faithfully

Leo saa kumi jioni mzee mmoja ameingia hapa saiba Kawangware, anataka nimtaipie barua ya kuacha kazi. Amekuwa soja wa geti miaka 22, sasa magoti yamekataa, anarudi ushago.

Nikataipu fasta kama kawaida, mwisho nikaweka "Yours faithfully".

Akaweka kidole kwa skrini, hapo kwa hilo neno. Kucha imepasuka katikati.

"Hii inasema nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni kizungu cha barua tu mzee, ukianza na "Dear Sir" bila jina unamalizia na "faithfully", ukijua jina la mtu unaweka "sincerely". Akatingisha kichwa. Hapana, yeye anauliza neno lenyewe linasema nini.

Nikasema, ni kwa uaminifu. Ni kama kusema mimi wako mwaminifu.

Akanyamaza kitambo, halafu akasema polepole, "Basi iache. Hiyo ni kweli. Sijawahi lala lindo."

Woiye, koo ilinikauka. Hilo neno nimelitaipu labda mara elfu na sijawahi kulisoma, kwangu lilikuwa tu kitu cha kujaza kabla ya sahihi, na huyu mzee amelibeba miaka yote hiyo usiku na baridi na hata hakujua linaitwaje kwa kizungu.

Nimekataa pesa ya kuprinti. Alisaini pole pole sana, ulimi nje kidogo kama mtoto wa nasari.

Wasee, nyinyi mngemwelezea aje hilo neno? Niambieni, bado naliwaza.