Mstari Uliokataa Kufunga

Karatasi ya miraba ilitandazwa juu ya meza ya plastiki, katika lupango, yaani kiwanja, wa Papa kule Katuba mjini Lubumbashi, na hesabu ilikataa. Tulikuwa tumeanza kupima kwenye kituo cha 1, alama yetu ya kwanza ya kupimia, mlangoni mwa pango, tukazunguka ukumbi mkubwa, tukatambaa kwenye ujia mwembamba, tukarudi palepale tulipoanzia. Karatasini, kituo cha mwisho kiliangukia mita 6.4 kando ya kile cha kwanza. Mzunguko mzima ulikuwa mita 182. Papa, aliyepima njia za chini ya ardhi za mgodi wa Kipushi miaka mingi kabla kazi haijasimama pale mwaka 1993, aliweka penseli chini. "Pango halisogei," alisema. "Kilichosogea ni kitu tulichoingia nacho."

Ilikuwa Julai 2012, msimu ambao watu wa Lubumbashi huamka na makoti na mvua imeshasahaulika. Kwa kazi ya pango huo ndio wakati wake. Mvua zikishaanza, maji yanaweza kushuka kwenye nyufa kutoka kilima ambacho hata hukioni, na ujia uliopita kwa tumbo asubuhi ukaukuta umejaa saa nane.

Mwenye hoteli mmoja wa mjini alikuwa amepatana na mfumu, yaani chifu, wa kijiji kimoja upande wa Likasi ili afungue pango lao kwa wageni. Mchoro wake ulikuwa tayari: ngazi 84 za saruji, taa 60 za waya, mlango wa bati zima, na huko juu ya kilima maegesho ya magari na choo cha mashimo manne. Kwetu alitaka ramani tu, ajue anunue mita ngapi za waya. Alitembea na picha aliyoikata kwenye gazeti, treni ndogo ikipita kati ya nguzo nyeupe za mawe, chini ya ardhi, huko Postojna, Slovenia. Alituonyesha picha hiyo mara tatu kabla hatujaondoka mjini.

Picha haikumdanganya. Sehemu za mlangoni za Postojna zilijulikana karne nyingi. Mwaka 1818 zikagunduliwa kumbi kubwa za ndani, na mwaka 1819 wageni wakaanza kupokelewa kwa utaratibu. Reli iliwekwa mwaka 1872, na mabehewa ya mwanzo yalisukumwa na waongozaji kwa mikono yao. Umeme uliingia mwaka 1884. Kati ya mgeni wa kwanza na taa ya umeme palipita miaka 65, na katika miaka hiyo watu walijifunza pango lao. Mwenye hoteli alikusudia kumaliza yote kabla ya Noeli.

Papa alimjibu kwa Lascaux. Pango hilo la Ufaransa, lenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka, liligunduliwa Septemba 1940 na kufunguliwa kwa watu mwaka 1948. Wageni walizidi elfu moja kwa siku. Pumzi zao zilileta hewa ya kaboni na unyevu, taa zikaleta mwani wa kijani ukutani, chembe nyeupe za chokaa zikaanza kufunika rangi. Mwaka 1963 likafungwa. Tangu mwaka 1983 wageni wamekuwa wakionyeshwa nakala iliyojengwa jirani. "Miaka 15 tu, mwanangu," Papa alimwambia, "na wale hawakukosa pesa wala wataalamu."

Tuliingia watu watano. Chini ya wanne usiingie: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanatoka kuita msaada. Kila mtu alikuwa na kofia ngumu na vyanzo vitatu vya mwanga. Vyombo vilikuwa dira ya kulenga kwa jicho, kipima mwinuko, utepe wa mita 30, daftari la karatasi isiyolowa, na penseli tatu zilizofungwa kwa uzi, kwa sababu penseli ikianguka kwenye ufa hairudi. Kabla hatujagusa jiwe lolote, mzee wa kijiji alipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye mwamba wa mlangoni na kutaja majina ya waliotangulia. Tulisubiri hadi akamaliza. Pango lina wenyewe, na ramani inayoanza kwa kuwaruka hao haitadumu.

Wanakijiji walituambia kwamba mbuzi beberu aliingia hapo zamani akatokea mtoni, mwendo wa siku nzima. Papa hakuwabishia. Alitusimulia habari za mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ambako watu walisema njia za chini zinafika Mombasa, wengine Kilimanjaro. Mwaka 1994 wapimaji kutoka Ujerumani na Uturuki walipima mapango kumi, na refu kuliko yote lilikuwa mita 900. Watu wa Tanga wanaendelea kusimulia kisa chao, na wageni wanaendelea kuja.

Kupima kwenyewe hakuna uchawi. Wa mbele anashika ncha ya utepe na kuchagua kituo kinachoonekana mbele na nyuma. Wa nyuma anavuta utepe hadi ukakamae, anasoma urefu, kisha uelekeo, kisha mwinuko. Mwandishi anarudia kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika, maana ndani ya pango "sitini" na "sabini" hufanana. Kwenye kila kituo unapima pia umbali wa ukuta wa kushoto, wa kulia, dari na sakafu. Halafu aliyetangulia anageuka na kusoma uelekeo kwa kurudi. Moja ya namba hizo ikiondolewa au kuongezwa nyuzi 180, zinapaswa kulingana. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi 2, mnarudia. Mita 182 zilitumia saa sita.

Kutoka kituo cha 14 hatukusoma tena kwa kurudi. Ujia ulikuwa na kimo cha sentimita 50, tope limeingia kwenye mikono ya shati, na msomaji wa dira alikuwa amechoka akampa kijana mwingine. Tuliona kwamba mara moja inatosha.

Kabla ya ujia huo tulifika kwenye chumba cha pembeni na kumulika kwa mbali. Macho mekundu mamia yaliturudishia mwanga kutoka darini: popo wanaokula matunda. Papa alituzuia pale pale, tukakadiria ukubwa wa chumba kutoka mlangoni. Sisi wa Kongo jambo hili tunalijua kwa makaburi. Huko Durba, karibu na Watsa, kaskazini-mashariki mwa nchi, kati ya mwaka 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi, uliwashika wachimbaji wa dhahabu na jamaa zao. Watu 154 waliugua na 128 walifariki, na mlipuko ulikoma baada ya mgodi wa Goroumbwa kujaa maji. Popo wanaolala mapangoni ndio wanaobeba virusi hivyo. Katika mchoro wa mwenye hoteli, ngazi zilipita chini ya chumba hicho, na mlango wa bati zima ungewafungia popo ndani. Mlango unaofaa ni wa nondo za kulala, zenye nafasi ya sentimita 15 hivi, na huo pia ni kwa popo wadogo wanaokula wadudu. Hawa wanaokula matunda waachiwe njia wazi, na mgeni apitishwe kwingine.

Kwenye shimo moja la chini, mita nne kutoka sakafu ya ukumbi, kijana mmoja alianza kuhema na kulalamika kichwa. Tulimtoa mara moja. Mwenzake alitaka kushuka na kiberiti "kuona kama kuna hewa", Papa akamkatalia. Moto wa kiberiti unategemea oksijeni. Hewa ya kaboni, ambayo ni nzito na hutulia mashimoni, inaweza kuwa imekwisha kukudhuru na kiberiti bado kinawaka. Dalili ya kuaminika, ukikosa kipimo, ni pumzi yako mwenyewe: ukihema bila kufanya kazi, toka.

Ukumbi mkubwa ndio uliotunyamazisha. Mawe ya ukanda huo huitwa chokaa ya Kakontwe, kwa jina la mahali palipo karibu na Likasi, na ndiyo hiyohiyo iliyobeba zinki na shaba ya Kipushi. Ina umri wa miaka zaidi ya milioni 600. Mvua inapopita kwenye udongo huchukua hewa ya kaboni na kuwa asidi dhaifu, ikila jiwe polepole kwenye nyufa. Tone likifika kwenye hewa ya pango, kaboni huliacha, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda. Kwenye dari palikuwa na mrija mmoja mweupe, mwembamba kama mrija wa kunywea soda, mtupu ndani, urefu wa sentimita 38. Nchani tone lilikuwa linajaa. Tulizima tochi zote isipokuwa moja, tukalihesabia: sekunde 47, likaanguka, jingine likaanza kuvimba. Katika mapango mengi ukuaji wa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mrija ule ulianza kabla ya farao wengi wa Misri.

Hatua mbili kutoka hapo, kwa urefu wa mkono wa mtu, mirija yote ilikuwa imekatwa. Vishina vilikuwa vyeusi kwa moshi wa taa za kabaidi, na kwenye nguzo ya jirani viganja vya wapitaji vilikuwa vimeacha mng'ao wa kahawia. Mafuta ya ngozi hulizuia jiwe jipya kushika. Niliona uchungu kuutazama ukuta ule, na uchungu huo bado ninao. Huko Cape, Afrika Kusini, gavana aliweka kanuni za mapango ya Cango mwaka 1820, kukataza watu kuvunja mawe na kuyabeba. Hapa hakuna aliyewahi kusimama mlangoni.

Usiku ule Katuba, kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, pembeni, Papa aliweka dira katikati ya meza na kusubiri sindano itulie. Akaomba tochi za kichwani, moja moja. Ya kwanza, haikutikisika. Ya pili, kimya. Ya tatu ilikuwa ya yule kijana aliyepokea dira kwenye kituo cha 14, mpya, na betri zake zikikaa mbele kwenye paji la uso. Kwa umbali wa sentimita 12 sindano ilikwenda pembeni nyuzi 7. Betri zina ganda la chuma, na kila alipolenga alikuwa ameinamisha chuma hicho juu ya dira. Kosa la namna hii hubadilika kila unapogeuka, kwa hiyo kusoma kwa kurudi kungelifichua kwenye kituo cha kwanza tu. Kijana aliinamisha kichwa. Papa akamwambia kwamba kusoma kwa kurudi tuliacha wote watano.

Wiki iliyofuata tulirudi kupima upya sehemu 11, msomaji akivua tochi na kumulikiwa na mwenzake. Safari hii mzunguko ulifunga kwa tofauti ya mita 1.3. Tukafanya jambo ambalo hatukuagizwa: kwa vyombo vilevile tulitoka kituo cha 1 tukapima juu ya ardhi, kupitia shamba la mahindi hadi kilimani, mpaka kwenye vigingi alivyopigilia mwenye hoteli.

Tulimpelekea ramani mbili kwenye karatasi nyembamba, moja ya chini na moja ya juu, kwa kipimo kimoja. Alianza kwa kuuliza mita za waya. Papa alimweleza kwanza habari ya taa: ziwe baridi, chache, kila sehemu na swichi yake, ziwake wageni wakiwepo na zizimwe wakipita, la sivyo ukungu wa kijani utaota kuzunguka kila taa. Vishikio viwe vya chuma kisichoshika kutu. Mbao huoza na kulisha kuvu, na bati lililopakwa zinki hudondosha sumu kwa wadudu wadogo wa humo. Njia iwe moja, ikomee ukumbini. Mwenye hoteli aliandika, lakini mkono ulikuwa mzito.

Ndipo Papa akazipandanisha karatasi mbili na kuzibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa nyuma yake. Vigingi vya choo viliangukia katikati ya ukumbi mkubwa, karibu kabisa na kituo cha 9, ule mrija wa sentimita 38. Kati ya sakafu ya choo na dari ya ukumbi palikuwa na mita 9 za mwamba wenye nyufa, mwamba uleule unaopitisha tone kila sekunde 47. Chokaa haichuji maji kama mchanga. Kinachomwagwa juu hushuka jinsi kilivyo. Na kisima cha kijiji kilikuwa chini ya mteremko huohuo.

Mwenye hoteli alisogea dirishani. Alifuata mstari wa ukumbi kwa kidole, kisha mraba wa choo, kisha mstari tena. Akauliza kama kwa mara hii tuna hakika. Papa alimwonyesha ukurasa wa daftari wenye safu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mwenye hoteli akaomba kifutio, akaufuta mraba wa choo, na wa maegesho vilevile, akatuuliza twende lini kutafuta mahali pengine, ng'ambo ya kilima.