Nilivyozitenganisha ruta mbili zenye kitambulisho kimoja

Mtandao wetu wa Mwanza unaunganisha nyumba za mlimani Bugando na maduka ya Kirumba kwa redio, na ruta zote zinatumia Babel, itifaki ambayo ruta huitumia kuambizana njia. Laini za intaneti ni mbili, moja kila upande. Mkongo wa Bugando ulipokatika, wateja wa huko walitakiwa wapitie Kirumba bila mtu kugusa kitu. Wapi! Simu zikaanza: "Kaka, huku hakuna kitu."

Redio zilikuwa nzima na ping, ile ya kupima kama kifaa cha pili kinajibu, inapita. Nikaingia kwenye ruta ya Bugando, nikakuta inapokea matangazo ya njia kutoka Kirumba na kuyatupa. Katika Babel kila ruta ina kitambulisho cha baiti 8, na ikipata tangazo lenye kitambulisho chake yenyewe hulipuuza. Hizi mbili, ya Bugando na ya Kirumba, zilikuwa na kimoja.

Programu ndogo tuliyorithi ya kutengeneza kitambulisho ilichukua anwani ya MAC (namba ya baiti 6 ya kifaa cha mtandao) ya kiolesura cha kwanza, yaani mlango wa kwanza wa mtandao kwenye ruta, ikapachika baiti mbili za FFFE katikati, ikageuza biti moja, basi. Bodi zenyewe, za bei chee, zilikuja zote na MAC ileile inayoanza na 02. Kwa kuwa hazikuwa kwenye waya mmoja, hakuna aliyeshtuka.

Ukiiona hiyo 02, simama hapo. Katika baiti ya kwanza, biti ya mwisho kabisa ikiwa 1, anwani ni ya kundi, si ya kifaa. Iliyo kabla yake ikiwa 1, namba imepangwa na mtu au programu, haikutoka kwenye mafungu ambayo IEEE, shirika la viwango, huwagawia watengenezaji, kwa hiyo hakuna wa kukudhaminia kwamba ni ya pekee. Nikaandika `mac[0] & 3`, inayosoma biti hizo mbili tu: jibu lisipokuwa sifuri, ruka, jaribu kiolesura kinachofuata. Mstari huo unakamata hata FF tupu. Sifuri tupu zinaupita kiulaini, na ndizo utakazopewa na `lo`, kiolesura ambacho ruta huongea nacho yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo zikapata mstari wao. Tun, kiolesura cha programu kisicho na kifaa, haina MAC kabisa. Kagua aina ya kiolesura kwanza.

Kisipopatikana kiolesura hata kimoja kinachofaa, programu inachota baiti 8 za nasibu kutoka `/dev/urandom`, chanzo cha namba za nasibu cha Linux, na kuziandika kwenye faili. Bila faili, kila umeme ukirudi ruta inaamka na kitambulisho kipya. Kwa maoni yangu nasibu ingetosha tangu mwanzo, ila mafundi wenzangu wanapenda kusoma kitambulisho na kujua ni kifaa kipi.

Nikawasha ruta zote upya, kisha nikachomoa mkongo wa Bugando kwa makusudi. Njia ya Kirumba ikaingia kwenye jedwali, na hakuna aliyepiga simu.