Panya anayepoa

Ninahudumia panya wa maabara, na chombo ninachokithamini kuliko vyote kazini ni kipimajoto.

Binadamu akiingiwa na sumu ya bakteria hupata homa. Panya mdogo mara nyingi hupoa. Mdunge dozi kubwa ya lipopolisakaridi, sumu iliyomo kwenye utando wa nje wa bakteria kama Escherichia coli, katika chumba cha nyuzi 22, na joto lake litashuka kutoka nyuzi 37 hivi hadi 33, hata 30. Mnyama wa gramu 25 hupoteza joto upesi mno. Chumba hicho kinachotufaa sisi kwake ni baridi, kwa hiyo muda wote anatumia nguvu nyingi kujipasha. Sumu ikimlemea, anaacha. Lakini akiwa katika chumba cha nyuzi 30, tena kwa dozi ndogo, naye hupata homa! Ndiyo maana ripoti isiyotaja joto la chumba hunikera sana. Namba zake hazisomeki.

Kwa miaka mingi nguvu ya sumu ilipimwa kwa vifo: unadunga, unasubiri, unahesabu waliokufa. Mwaka 1959 wanasayansi wa Uingereza William Russell na Rex Burch waliwataka watafiti wapunguze mateso ya wanyama, na sioni mahali pa kuanzia palipo bora kuliko hapa. Joto hushuka saa kadhaa kabla ya kifo. Kiwango cha joto kikiwekwa mapema, panya aliyeshuka chini yake huuawa papo hapo bila maumivu, na jibu la utafiti limeshapatikana. Zile saa za kujikunja pembeni mwa kizimba, manyoya yamesimama, hazikuwa zikiongeza maarifa yoyote.

Kupima nako kuna adabu yake. Panya akikamatwa na kuingizwa kipimajoto njia ya haja kubwa, hofu peke yake hupandisha joto. Napendelea chipu ndogo ya kupima joto iliyowekwa chini ya ngozi: unasogeza kisomaji, naye hata haamki.

Ombi langu kwa wanaoandika itifaki, yaani mipango ya majaribio: andikeni kiwango hicho kabla ya sindano ya kwanza, kwa namba, na mtaje nani atapima usiku. Sumu ikidungwa mchana, wengi huzidiwa wakati sisi tumeshakwenda nyumbani.