Ziwa likiingia shambani, andikisha hasara kabla hujalima upya

Maji ya Ziwa Victoria yakifunika shamba, iwe Magu au Sengerema mkoani Mwanza, usikimbilie kung'oa mihogo iliyooza. Mwite kwanza afisa ugani na mtendaji wa kijiji waje waone. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kuna kamati ngazi ya kijiji, kata na wilaya; shamba lisiloandikwa huku chini, huko juu halipo.

Eneo lipimwe kwa kamba au kwa simu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, na makadirio ya macho ndiyo yanayozua ubishi. Miti ya matunda ihesabiwe mmoja mmoja, pamoja na umri wake. Hapa ndipo wengi hupunjika: mwembe ukisimama majini mizizi hukosa hewa, ila majani yanaweza kunyauka wiki kadhaa baadaye, orodha ya hasara ikiwa imeshafungwa. Omba ukaguzi wa pili kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri.

Msaada wanaopewa walioandikwa mara nyingi ni chakula au mbegu, si fedha taslimu. Na kama ulilima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakubana, usitegemee huruma.