Taa za chini ya gari kwa baridi ya Mbeya

Wakuu mnaofunga mikanda ya LED chini ya gari, Juni na Julai msibandike asubuhi. Bati likiwa la baridi gundi haishiki, ukishuka Tukuyu na mvua zake mkanda unaning'inia. Subiri jua la mchana, osha tope, kausha, futa kwa spiriti, bandika, kisha kaza kwa vibano vya plastiki kila sentimita 20. Gundi peke yake haitoshi kabisa!

Mita 5 za wati 14.4 kwa mita, volti 12, zinavuta ampea 6. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, waya wa milimita 1.5 za mraba, na rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa), maana swichi ndogo peke yake itaungua. Ulipokata mkanda ziba kwa silikoni. Maji huanzia hapo, hata mkanda ukiwa wa IP67 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji). Epuka ekzosi na sehemu za jeki.