Nyuzi Nyekundu za Ninawi

Kanisa letu lilikuwa dogo, mtu akikohoa mlangoni mhubiri anamsikia. Lilikuwa na mabenchi kumi na mawili, chumba kimoja cha nyuma kilichotumika kama ofisi, stoo na darasa la Jumapili kwa pamoja, na kiwanja chenye kivuli upande mmoja tu. Hapo ndipo tulipofanya kambi ya Biblia ya watoto, siku tano za likizo ndefu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuiongoza.

Tulikuwa tumeandikisha watoto 25. Jumatatu saa tatu asubuhi walifika 41. Walioandikishwa walikuja na binamu zao na watoto wa jirani, na msichana mmoja wa miaka minane alikuja amemshika mkono mdogo wake kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Walimu tulikuwa sita, pamoja nami. Dada aliyeshika daftari la mahudhurio alinitazama, nami nikamwambia aandike wote. Kumrudisha mtoto aliyekwisha kufika mlangoni mwa kanisa sikuweza siku ile, na hata leo siwezi.

Ratiba niliyoiandika kwa wiki tatu ilikufa ndani ya nusu saa. Wakubwa tukawaweka ndani, wa kati kiwanjani, na wadogo, wale wa miaka minne na mitano, wakachukua chumba cha nyuma na mama mchungaji. Vitu viwili tu sikukubali viguswe: mwalimu asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha, na mtoto asitoke getini mpaka aliyeandikwa kwenye daftari aje, amchukue, atie sahihi. Kuna mzazi alinuna kwa sababu alimtuma kijana mwingine na kijana akaambiwa asubiri. Nilimwomba radhi kwa usumbufu, ila utaratibu ulibaki palepale.

Habari tuliyochagua ilikuwa ya Yona, nabii aliyetumwa na Mungu kwenda kuuonya mji wa Ninawi, akakimbia kwa merikebu, akamezwa na samaki mkubwa. Kitabu chenyewe kina sura 4 na aya 48 tu, kwa hiyo sura moja kwa siku, kisha Ijumaa watoto waigize mbele ya wazazi. Mchezo niliuandika mwenyewe kwa usiku mbili, na humo ndimo nilimokosea, ingawa nilikuja kujua Alhamisi.

Anayekijua kitabu hicho anajua kinavyoisha. Ninawi imetubu, Mungu ameusamehe mji, na Yona ameketi nje amekasirika hata anatamani kufa. Mungu anaotesha mtango umpe kivuli, kisha buu linautafuna, unanyauka. Yona anauhurumia mtango. Mungu anamuuliza swali: wewe umeuhurumia mtango, je, mimi nisiuhurumie Ninawi, mji mkubwa wenye watu wengi wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto? Kitabu kinaishia kwenye swali hilohilo. Jibu la Yona halipo. Mimi nikaona watoto hawatalielewa hilo, na wazazi watadhani tumesahau ukurasa. Basi nikamwandikia Yona mwisho wake: anainuka, analia, anaingia mjini, anamkumbatia mfalme, na wote wanaimba. Swali la Mungu nikalifupisha likawa mstari mmoja. Yale maneno ya watu wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto nikayafuta kabisa. Niliyaona mazito kwa mtoto.

Jumanne tulichora ramani kwa chaki kwenye sakafu ya kanisa. Katikati tukaweka Yafa, bandari aliyopandia merikebu. Mkono wa kulia, upande wa mashariki, tukaweka Ninawi, ambayo magofu yake hadi leo yapo Iraki, ng'ambo ya mto Hidekeli, yaani Tigri, mkabala na Mosul ya zamani. Mkono wa kushoto, magharibi mbali kabisa baharini, Tarshishi. Nikawaeleza kwamba Yona hakupotea njia. Alitumwa kulia, akalipa nauli ya kwenda kushoto. Watoto wakasimama Yafa, mwalimu akiita "Kulia!" wanakimbilia Ninawi, akiita "Kushoto!" wanakimbilia Tarshishi. Wakubwa walilijua upesi. Wadogo, hapana. Ukiita kulia nusu yao wanakwenda Tarshishi, wengine wanabaki Yafa wanatazamana, na kijana mmoja wa miaka minne alikuwa anakimbia popote alipokimbilia rafiki yake.

Mama mchungaji ndiye aliyelimaliza. Alitoa mfukoni uzi mwekundu wa kufumia, akaukata vipande vya urefu wa kiganja, akamfunga kila mdogo kifundo cha mkono wa kulia. "Mkono wenye uzi, Ninawi," akawaambia. "Usio na uzi, Tarshishi." Walikimbia wakiwa wameinua mkono juu, wakiutazama uzi badala ya njia, wakigongana, na walifika Ninawi wote. Ile mikono midogo iliyoinuliwa naikumbuka kuliko nyimbo zote za wiki ile.

Alhamisi tulifika sura ya nne. Nilikuwa na kundi la wakubwa ndani, milango yote wazi, nikiwasimulia kama nilivyoandika kwenye mchezo. Yona akainuka, akaingia mjini, akamkumbatia mfalme. Binti mmoja wa miaka tisa akanyosha mkono. Alikuwa na daftari la kijani aliloandikia kila siku, hata siku ambazo sikuwaambia waandike.

"Mwalimu, samahani. Hiyo haipo."

"Ipi haipo, mwanangu?"

"Ya kumkumbatia mfalme. Nilisoma jana na bibi. Tulirudia mara mbili, tukadhani tumeruka."

Nilinyamaza. Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili pale Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, kazi ya kwanza ilikuwa kuwafundisha kusoma watoto waliofanya kazi siku sita za wiki, na Biblia ndicho kilikuwa kitabu chao cha kusomea. Jambo hilo mimi mwenyewe nililisimulia mbele ya kanisa wakati wa kuomba walimu wa kujitolea. Niliomba wapatikane watu wa kuwasaidia watoto wasome Neno wenyewe. Sasa mtoto amesoma, na amenikuta nimeongeza.

Nikamwambia, "Ni kweli. Hiyo niliongeza mimi. Haikuandikwa." Nikamwomba atusomee ilivyoandikwa. Akafungua Biblia yake, akasoma polepole, kidole kikiwa chini ya maneno, mpaka kwenye wale watu zaidi ya mia na ishirini elfu "wasioweza kupambanua katika mkono wao wa kulia na mkono wao wa kushoto, tena wanyama wa kufugwa wengi sana". Akauliza kupambanua ni nini. Nikamjibu ni kutofautisha, kujua hiki ni kipi na kile ni kipi.

Akageuka kuelekea mlango wa chumba cha nyuma. Wadogo walikuwa wamekaa sakafuni wanapaka rangi samaki, kila mmoja na uzi wake mkononi.

"Kumbe ni hao," akasema.

Wako wafasiri wanaosema hivyohivyo, kwamba maneno yale yanawataja watoto wadogo. Nilikuwa nimeyasoma siku nyingi. Lakini niliyasoma kama maelezo ya pembeni, na mstari wenyewe nikaukata kwa kalamu nikidhani nawasaidia watoto, kumbe nimewatoa watoto ndani ya kitabu. Mungu anajibu hasira ya nabii mzima kwa kumwonyesha wao, na mimi niliyekabidhiwa wao niliona hawahusiki. Nilisikia aibu mbele za Mungu. Sisemi hivi kwa kujipamba.

Jioni ile walimu sita tulikaa kwenye benchi la mbele. Mmoja akasema wazazi wanakuja kesho saa tisa, watoto wameshakariri, tuache. Alikuwa na hoja, maana kijana aliyecheza Yona alikuwa amejifunza kulia kwa machozi ya kweli. Tukaomba, tukazungumza tena. Mama mchungaji akasema, "Kama Mungu aliona swali linatosha, sisi tunaongeza nini?" Tukafuta ukurasa wa mwisho wote.

Ijumaa samaki alikuwa shuka mbili za kijivu zilizoshonwa pamoja, na ndani yake watoto sita wanaotembea kwa kuchuchumaa. Tulimwita samaki mkubwa, kama kitabu cha Yona kinavyomwita. Nyangumi yumo kwenye Mathayo. Wadogo tuliwapa nafasi ya wanyama wa Ninawi, kwa sababu mfalme aliamuru hata wanyama wavae magunia, na hakuna kitu walichokipenda kama kuvaa magunia. Dhoruba ilikwenda vizuri. Mtango ulianguka kabla ya buu kufika, lakini Yona aliuhurumia vilevile.

Kisha binti wa daftari la kijani akasimama kwenye kona na kusoma swali la Mungu. Tulikuwa tumepanga wadogo wakae kimya wakiwa wamelala. Aliposoma mkono wa kulia, mikono yote yenye uzi ikainuka kutoka ndani ya magunia, kwa sababu ndivyo walivyozoezwa wiki nzima. Hatukuwa tumewaambia. Akangoja. Akamalizia wanyama, akafunga Biblia, akakaa.

Wazazi hawakupiga makofi. Walikuwa wanangoja iendelee. Mzee mmoja wa kanisa, benchi la tatu, alivua miwani akaiweka mapajani na kubaki anawatazama wale watoto chini. Yona naye aliketi pale pale chini ya mtango ulioanguka, kidevu magotini, hakujibu kitu. Sikumbuki kilidumu muda gani kile kimya. Mchungaji ndiye aliyesimama akaomba, kwa maneno machache.

Mlangoni nilishika daftari la sahihi. Akaja mama wa yule kijana wa miaka minne, akatia sahihi, akauona uzi, umechafuka rangi ya samaki na chaki, umeshaanza kufumuka. Akaushika ili aukate kwa meno.

Mtoto akaficha mkono nyuma ya mgongo. "Mama, usiukate! Huu ni wa Ninawi."

Mama akanitazama. Nikamwambia auache.