Nimerudi Lindi, na nina neno kuhusu sanamu

Siku hizi ukiondoka Dar alfajiri unaingia Lindi jua bado lipo. Tuliosafiri kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 tunajua ilivyokuwa: kulala Rufiji kusubiri kivuko, na masika kushuka kusukuma basi kwenye tope mpaka viatu vinabaki humo humo. Hilo nalisema kwanza ili nisionekane nimekuja kulaumu tu. Mji umebadilika, na mengi yamebadilika kwa uzuri.

Lakini nimekuja na jambo moja kichwani, na tangu nifike namsumbua nalo mjomba.

Huko Marekani nilikuwa naishi Cincinnati, jimbo la Ohio. Mji ule umekaa ukingoni mwa mto, ng'ambo ni jimbo la Kentucky. Kando ya mto kuna bustani inaitwa Smale, na ndani yake kuna sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 2012. Nilidhani ni majenerali, kama kawaida. Kumbe ni vibarua. Septemba 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, mji uliogopa kuvamiwa na jeshi la Kusini. Polisi wakaingia majumbani mwa watu weusi, wakawakamata wanaume kwa nguvu na kuwavusha mto wakachimbe mahandaki. Baadaye wakakabidhiwa kwa jaji mmoja, William Dickson, naye akawarudisha kwanza kwa familia zao. Kesho yake walirudi kazini wenyewe, watu wapatao 700, bila kushikiwa bunduki. Bunduki hawakupewa, walipewa sururu na majembe. Walipomaliza, wakamzawadia jaji upanga, na tukio hilo limewekwa pale katika shaba. Majina yao yamechongwa kwenye jiwe, tena yapo kwa sababu mwalimu mweusi wa mji ule, Peter Clark, aliyaandika mwaka 1864 watu wenyewe wakiwa bado hai.

Sasa rudi nyumbani. Sisi watu wetu waliobeba ni wangapi?

Tendaguru kila mtu wa Lindi anaijua kwa jina. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kule zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Yule mkubwa amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Tukilitaja jambo hili huwa tunamtaja mnyama: arudishwe, asirudishwe, Wajerumani watulipe nini. Sawa, mjadala una maana yake. Ila mimi naona tumemkodolea macho mnyama tukamsahau binadamu. Mifupa ile haikuja bandarini na reli wala mkokoteni. Mbung'o walikuwa wanaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, siku tatu nne porini mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Vipande vidogo mtu alibeba peke yake, vikubwa vikaning'inizwa kwenye miti wakabeba kundi zima. Na kumbukeni mwaka wenyewe: Vita ya Majimaji ilikwisha 1907. Miaka miwili tu baadaye watu wa kusini, waliotoka kwenye njaa na makaburi, ndio hao wanaambiwa chukueni mzigo.

Mjomba ananisikiliza huku anamenya mihogo. "Unataka tuwajengee wapagazi mnara?"

Ndiyo, mjomba.

"Kwenye kipilefti?"

Hapana! Hapo ndipo tunapokosea nchi hii. Kila mji una mzunguko, na kila mzunguko una samaki wa saruji au tembo aliyepakwa rangi ya kijivu, huwezi hata kumsogelea bila kugongwa na bodaboda. Mimi nataka sanamu ziwe chini, usawa wa watu, kule ambako maji ya Lukuledi yanaingia baharini, watu wanaposubiri pantoni ya kwenda Kitunda. Mtoto apite katikati yao. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar, iliyozinduliwa 1927 kuwakumbuka watu wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maandishi yake ya chini yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Halafu juu amesimama nani? Askari na singe yake. Mpagazi kaishia kwenye maandishi. Na Mahiwa, Oktoba 1917, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile Afrika Mashariki, ni hapa hapa mkoani kwetu.

Wachongaji tunao. Mmakonde hahitaji kufundishwa kuchonga watu waliobebana. Mpingo ukiachwa juani na mvuani unapasuka, kwa hiyo achonge yeye, kisha ichukuliwe kalibu na kumiminwa shaba iliyochanganywa na bati. Chumvi ya bahari itaigeuza rangi iwe ya kijani. Hiyo haina neno.

"Wataikata usiku," mjomba akasema. "Asubuhi iko kwenye mizani ya vyuma chakavu."

Hapo sikuwa na jibu la haraka, maana ni kweli, hata mifuniko ya mitaro haikai. Jibu langu la sasa ni kwamba sehemu yenye watu usiku na mchana, yenye wauza pweza na taa, ni ngumu kuibiwa kuliko kipilefti kisicho na mwenyewe.

Kisha akafanya kitu kilichonifurahisha. Alichukua kanga ya shangazi kambani, akaisokota ngata, akaiweka utosini na juu yake ndoo ya maji. Akasimama. "Mwambie mchongaji wako asimkunje shingo. Anayebeba kweli shingo imenyooka, macho mbele, magoti ndiyo yanayokunjika kidogo. Na mkono hashiki mzigo muda wote. Akishika muda wote, huyo hajazoea." Akatembea mpaka kwenye mwembe na kurudi, tone halikumwagika, mtu wa miaka zaidi ya sabini.

Tatizo kubwa kwangu si shaba, ni majina. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, anajulikana. Wengine wapo kwenye picha za Wajerumani, mzigo kichwani, jina hakuna. Na wanawake waliochota maji ya kambi nzima, je? Kama kwenu Mipingo, Rutamba au Mchinga kuna mzee anayesema babu yake au bibi yake alifanya kazi Tendaguru, andika jina, ukoo na kijiji, unitumie. Mimi Jumamosi napanda Mipingo na mjomba. Dereva nimeshapatana naye, bei ya kwenda na kurudi, ingawa mjomba anasema nimepigwa.